Shimo Ndani ya Kikombe

Kwa siku ya nne mfululizo soksi ya kigutu iliyapaka maji ya beseni wekundu hafifu, na Bimkubwa, aliyekuwa ameinama kufua uani, akajua kwamba mwanawe anamdanganya.

"Ni jasho," Kinyozi alimwambia jana yake. "Kikombe ni plastiki, mama, hakipumui. Hata wewe ukivaa ndoo mguuni utatoka jasho."

Jasho gani linanuka chuma? Bimkubwa aliisugua soksi, akaikamua, akaipeleka puani tena. Alikuwa amelea watoto sita na kuzika wawili. Damu hakuweza kuichanganya na jasho hata angefumba macho.

Mwanawe alikuwa chumbani anavaa. Ukuta wa mbao ulikuwa mwembamba, mtu akikohoa huku, kule wanasema pole. Alimsikia akiketi kitandani. Alimsikia akikitia kigutu ndani ya kikombe cha mguu wa bandia, kisha akavuta pumzi kwa meno, sssss, kama mtu aliyekanyaga kaa la moto. Kisha akapiga mluzi. Mtoto huyu utotoni alililia sindano ya chanjo mpaka majirani wakaja kuuliza nani kafa, na leo anapiga mluzi.

"Mwanangu," Bimkubwa aliita kutoka uani. "Hebu nikione hicho kigutu kabla hujatoka."

"Nimeshavaa, mama."

"Vua."

"Kuvua ni dakika kumi, kuvaa ni kumi nyingine. Leo Jumamosi. Jumamosi ndiyo siku ya vichwa."

Mkamwana wake akatokea mlangoni na fungu la nguo za watu alizokuwa akienda kuzirudisha zikiwa zimepigwa pasi. Alimtazama mama mkwe wake kwa macho ya kuomba.

"Mwache, mama," alisema kwa sauti ya chini. "Ana siku tisa tu kazini. Tajiri wake anamhesabia hata akienda kukojoa."

"Soksi umeiona?"

"Nimeiona."

"Ukasema nini?"

Mkamwana alihamisha fungu kutoka bega hili kwenda lile. "Niseme nini, mama? Miezi mitano tumekula kwa nguo hizi. Nami mgongo ninao mmoja."

Kinyozi akatoka. Shati limenyooshwa, nywele zimechongwa, suruali imefunika mguu wa bandia mpaka kwenye kiatu. Usingejua. Lakini mama hatazami suruali. Alimtazama bega la kushoto, akaliona linavyopanda kila akikanyaga, kama la mtu anayekwepa kofi.

"Ng'ombe haelemewi na nunduye," Bimkubwa alisema, kumtia moyo tu.

"Nundu ya ng'ombe imeota, mama," Kinyozi alijibu akicheka. "Hii yangu imechapwa na mashine." Akashika njia.

Mchana alimfuata na chakula. Kisingizio tu, kwani Kinyozi hakuwa na desturi ya kupelekewa.

Saluni ilikuwa chumba kirefu chenye viti vinne na vioo vinne, na juu ya kila kioo taa iliyowaka mchana kutwa. Tajiri alikaa kwenye meza ndogo mlangoni, mtu mnene wa maneno ya taratibu. Hakuwa mtu mbaya. Alimrudishia Kinyozi kiti chake baada ya miezi mitano, na wengine wasingerudisha. Ila aliweka sharti moja: kinyozi anasimama. Wateja hawapendi kunyolewa na mtu aliyeketi kwenye stuli. Wanaona kama wananyolewa na mgonjwa.

"Karibu, Bimkubwa," Tajiri alisema. "Umekuja kumwona Roboti wetu?"

Vinyozi wengine wakacheka. Kinyozi naye akacheka, kwa sauti kuliko wote. Alikuwa akichonga nywele za kijana mmoja karibu na sikio, na nyonga yake ilikuwa imeegemea mkono wa kiti, uzito wote kwenye mguu mzima. Kila alipohitaji kuzunguka upande wa pili aliuburuta mguu wa bandia, kisha akatua kidogo, akijifanya anaupima mstari wa nywele kwenye kioo.

"Roboti, chaji inaisha?" kinyozi wa kiti cha pili alimuuliza.

"Nimechaji usiku kucha. Jitazame wewe unayetumia mawe ya redio."

Wakacheka tena. Lakini alipozunguka mara ya tatu goti lilimlegea, mashine ikateleza, na yule kijana akaruka akishika sikio. Tone la damu likaanguka kwenye kitambaa cheupe.

"We vipi?"

"Samahani, kaka, samahani sana."

Tajiri alinyanyuka, akaja, akapangusa sikio la mteja kwa pamba yenye dawa. Hakupaza sauti. "Huyu leo halipi," alisema. "Pesa yake tutaikata kwako, Roboti. Na Jumanne nataka kukuona umesimama kama mtu. La sivyo, mdogo wangu, kuna wenye miguu miwili wanakililia hicho kiti."

Aliyasema mbele ya mama yake. Bimkubwa aliweka bakuli la chakula juu ya dirisha, akasema asanteni, akatoka. Barabarani alijikuta ameshikilia kifuniko cha bakuli, na hakurudi kukipeleka.

Jumapili na Jumatatu saluni ilikuwa haifunguliwi. Asubuhi ya Jumatatu Kinyozi aliingia bafuni kwa magongo, na mguu wa bandia ukabaki umeegemezwa ukutani, kiatu kimefungwa kamba vizuri.

Bimkubwa aliuchukua, akakaa nao kwenye kigoda. Alidhani atakuta punje ya mchanga, au ukingo wa plastiki usiopigwa msasa vizuri. Fundi Miguu wa karakana ya hospitali alikuwa amewaambia kuwa kikombe kizuri ni kile kinachokumbatia kigutu pande zote sawasawa, kama ganda na yai. Akaingiza mkono. Akapapasa mbele, laini. Akapapasa nyuma, laini. Kisha kidole gumba chake kikazama.

Kilizama kwenye shimo pembeni, chini kidogo ya mahali pa goti. Shimo refu kiasi, lenye ukingo. Vidole vingine vinne, bila kuambiwa, vikanyooka upande wa pili wa kikombe, na huko navyo vikakuta vijishimo vyao, vinne, vimepangana.

Mkono wake ulikuwa umetulia ndani ya kikombe kama uliokuwa ukisubiriwa.

Bimkubwa hakuhitaji kuelezwa. Alikumbuka siku ya vipimo. Fundi Miguu alizungusha kamera ya mkononi mara tatu: mgonjwa ameketi, mgonjwa amelala, mgonjwa amesimama kwa magongo. Maumbo matatu yakatokea kwenye kompyuta, kila moja likiwa na upande ambao mengine hayakuuona. Kompyuta ikayachukua, ikayageuzageuza, ikatafuta yanapofanana, ikayashona kuwa umbo moja la kigutu, lenye mbele na nyuma, na kwa umbo hilo mashine ikachapa kikombe cha plastiki. Hakuna mtu aliyegusa kitufe. "Zamani nilikuwa nakaa nusu siku nayaunganisha kwa mkono, kipande kwa kipande," Fundi Miguu alisema. "Siku hizi inaunganisha yenyewe. Inajua hata kutoa vitu visivyohusika." Bimkubwa alistaajabu, akaona kama mtu anayefinyanga udongo bila vidole.

Kabla ya hapo aliambiwa: mama, kaa kule, usimguse. Akakaa kule. Lakini mwanawe alipolazwa kwa kipimo cha pili, kigutu kilianza kutetemeka. Kilitetemeka chenyewe, kama nyama iliyokumbuka kisu. Kinyozi alikuwa amegeuza uso, machozi ya aibu yanamtoka mbele ya mtu mgeni. Fundi Miguu alikuwa upande wa pili, macho kwenye kompyuta. Bimkubwa akasogea, akapitisha mkono, akakishika kigutu cha mwanawe. Kikatulia.

"Safi," Fundi Miguu aliiambia kompyuta. "Sasa ametulia."

Mlango wa bafuni ukafunguka. Kinyozi akasimama pale na taulo, magongo kwapani, na kigutu kikaonekana wazi kwa mara ya kwanza tangu arudi kazini. Pembeni palikuwa na uvimbe wa ukubwa wa kidole gumba, na kuuzunguka uvimbe, pale ukingo wa shimo ulipokuwa ukisaga, nyama ilikuwa wazi, yenye utando wa njano.

Bimkubwa alikitazama kidonda, kisha kikombe.

"Mficha maradhi," Bimkubwa alianza.

"Kifo humuumbua. Naijua, mama. Nipe mguu wangu."

Alimpa, naye akauegemeza mlangoni. Kisha Kinyozi alipoingia kuvaa shati, na magongo yake yako kitandani upande wa pili, mama yake aliuchukua tena mguu pale mlangoni, akautia kwenye gunia, akatoka nao. Alikusudia kurudi kabla ya adhuhuri, ukiwa umetengenezwa. Hakuaga, maana angeaga asingeondoka.

Kwenye foleni ya karakana mlinzi alimuuliza gunia lina nini. "Mguu wa mwanangu," alijibu. Watu wa benchi la kwanza wakacheka, kisha mmoja wao, asiye na mguu, akawaambia wanyamaze.

Fundi Miguu alikuwa mtu mwembamba mwenye macho mekundu ya mtu anayetazama kompyuta kuliko watu. Alikipapasa kikombe kwa ndani, uso ukambadilika.

"Huyu amenenepa?"

"Hajanenepa."

"Basi anatembea vibaya. Wengi wanalalia upande mmoja, kigutu kinavimba."

"Mwanangu," Bimkubwa alisema, "tia mkono wangu."

"Nini?"

Hakungoja. Alikivuta kikombe, akaingiza mkono, vidole vikakaa kila kimoja mahali pake, akamwonyesha. Fundi Miguu alitazama. Akageukia kompyuta, akatafuta jina, akafungua. Umbo zima likaja, kijivu, laini, lenye uvimbe mdogo pembeni ambao mtu angedhani ni msuli. Kisha akayafungua maumbo matatu yale, moja moja, kama yalivyokuwa kabla ya kuunganishwa. La kwanza, kigutu. La tatu, kigutu. La pili, kigutu na mkono wa mwanamke mzee umekishika, mpaka mikunjo ya ngozi kwenye vifundo vya vidole.

"Nilikuambia usimguse, mama."

"Uliniambia."

"Mashine haijui mama ni nani na mtoto ni nani. Nyama ni nyama. Imekata mkono pale ulipoanza, vidole ikaviona ni vyake, ikavilainisha." Alifuta uso kwa kiganja. "Ningeyafungua haya matatu siku ile ningeuona. Dakika mbili tu. Ila nina watu thelathini kwa siku, na inaunganisha yenyewe."

"Sikuja kukulaumu, baba. Nimekuja urekebishe."

Alirekebisha. Ilimchukua saa moja na zaidi. Alichanganya dawa nzito, akajaza mashimo, akangoja ikauke, akapiga msasa. Bimkubwa alikaa akitazama alama ya vidole vyake ikifutika. Kisha Fundi Miguu akatoa karatasi yenye mistari mingi.

"Hapa natakiwa kueleza kosa. Nikiandika mgonjwa hakufuata maelekezo, mguu utakaofuata atausubiri mwisho wa orodha. Nikiandika sikukagua, mwisho wa orodha naenda mimi, na nina watoto." Akapiga kalamu mezani. "Nitaandika marekebisho ya kawaida."

"Andika," Bimkubwa alisema. Hawakutazamana machoni.

Mguu ulikuwa mezani, umepona. Bimkubwa aliponyoosha mkono kuutia guniani, Fundi Miguu aliuwekea kiganja juu.

"Kidonda kikoje?"

Alimweleza: upana, utando, harufu.

"Mama, nisikilize. Kikombe ni kizima, lakini kidonda si kizima. Akivaa sasa, hata kikombe cha pamba kitamchimba. Wiki sita asivae kabisa. Nimeona wengi. Wiki mbili nyingine za kusimama kutwa, kidonda kinafika mfupani, mfupa ukioza wanapandisha, wanakata juu ya goti. Na mwenye goti na asiye na goti ni watu wawili tofauti. Asiye na goti hasimami saluni, mama. Si mwaka huu, si mwaka wowote."

"Tajiri wake anamtaka kesho."

"Basi mwombe."

"Nimeshamsikia akijibu kabla sijamwomba."

Nje waliita jina la mgonjwa mwingine. Fundi Miguu aliuliza taratibu, "Ukiurudisha nyumbani, atauvaa?"

Bimkubwa alifikiri. Alimwona mwanawe akiupokea, akiingiza kitambaa kuzunguka kidonda, akipiga mluzi. Akaona kiti cha tatu, kiti cha mwanawe, na kioo chake na taa inayowaka mchana. Akafikiri pia juu ya mgongo wa mkamwana wake.

"Atauvaa kabla sijaketi," alisema. "Una kabati lenye kufuli?"

"Ninalo."

"Uweke humo. Akija mwenyewe kwa magongo akikuomba, akikulilia, usimpe. Sema mama kakataza."

Akakunja gunia, akalitia kwapani.

Kinyozi alikuwa ameketi kizingitini. Shati la kazi amelivaa ingawa siku ile haikuwa ya kazi, mguu mmoja wa suruali umekunjwa na kubanwa kwa pini. Mkewe alikuwa amesimama nyuma yake.

"Uko wapi?"

"Nimeuacha kwa Fundi Miguu. Wiki sita."

"Umefanya nini?"

Bimkubwa akakaa chini mbele yake, kwenye vumbi, ili asimtazame kutoka juu. Akaeleza yote: shimo, vidole, siku ya vipimo, mkono aliouweka. Hakuficha. Kinyozi alisikiliza huku akitikisa kichwa polepole.

"Kwa hiyo siku zote hizi nilikuwa nakanyaga juu ya mkono wako."

"Ndiyo, mwanangu."

"Basi ungeuacha, mama. Nilikuwa nimeuzoea."

"Ungelikosa goti."

"Goti ni langu!" Majirani wakanyamaza. "Gari lilinikata halinioni. Wewe umenikata ukiwa unaniona. Umenishika mara ya kwanza nikaharibika, umenishika mara ya pili nimefukuzwa. Wewe mikono yako ina nini?"

"Usiseme hivyo na mama," mkewe alisema.

"Niseme vipi? Nenda basi kamwambie Tajiri kesho siji. Nenda ukaone."

Mkamwana alikwenda kesho yake asubuhi, na kabla jua halijakaa sawa alikuwa amerudi. Kiti cha tatu kilishakuwa na mtu, kijana mwenye miguu miwili na redio. Tajiri alimpa mikasi ya mumewe kwenye mfuko, bakuli lisilo na kifuniko, na ujumbe.

"Kasema anakupa pole sana. Kasema binadamu anaugua, lakini kiti hakiugui."

Siku zilizofuata Kinyozi alimsalimia mama yake kama mpangaji anavyomsalimia mpangaji. Chakula chake alikipokea kutoka kwa mkewe. Mkewe alichukua nyumba mbili zaidi za kufulia, akawa anarudi vidole vimekunjamana, na jioni Bimkubwa alimkanda mgongo bila wote wawili kutaja jina la mtu. Kidonda alikisafisha muuguzi wa zahanati, kila baada ya siku moja. Kinyozi alikwenda kwa magongo, mama yake nyuma yake hatua kumi, maana alikatazwa kukaribia lakini hakukatazwa njia.

Wiki ya kwanza kidonda kilipanuka. Wiki ya pili homa ikaja, na muuguzi akasema neno upasuaji, akalirudisha. Bimkubwa hakulala siku zile. Alijiuliza kama amempokonya mwanawe kazi na goti lisibaki, vyote viwili kwa safari moja ya gunia.

Wiki ya nne muuguzi aliita, "Nani yuko na huyu?" Kinyozi akatazama ukuta. Bimkubwa akaingia bila kuitwa.

Muuguzi alichukua kijiti kilichochemshwa, akakiingiza kidondani, taratibu, akitafuta mahali kitakapogonga. Kinyozi aliuma kola ya shati. Kijiti kilisimama mapema.

"Nyama," muuguzi alisema. "Nyama nyekundu, safi. Hakikufika mfupani. Ungekuwa umechelewa wiki moja, bwana, tungekuwa tunazungumza mengine. Goti ni lako."

Akafunga bendeji. Akaita jina linalofuata.

Walikaa kwenye benchi la nje kungoja karatasi, benchi fupi, kwa hiyo iliwabidi wakae bega kwa bega. Watu walipita na watoto wanaolia. Kinyozi alilitazama goti lake muda mrefu, akalikunja, akalikunjua, akalikunja tena.

"Haya, mama," alisema hatimaye. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita mama tangu siku ile ya gunia. Sauti haikuwa na hasira wala upole, ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Goti tunalo. Sasa liulize, tutakula nini?"

Bimkubwa akavuta kanga mabegani, akatazama mbele.

"Nitaliuliza kesho," alisema. "Leo lipumzike."